Jina la Faili Lililofika Shuleni Kabla ya Barua: Uchambuzi wa Kisa cha Steshenari Moja

Kisa hiki kilitokea kwenye steshenari moja iliyo makao makuu ya wilaya, Tanzania Bara. Mimi ndiye fundi niliyeitwa, na baadhi ya makosa yanayosimuliwa hapa ni yangu. Majina ya duka, mji, shule na wahusika nimeyaondoa, na ugonjwa ninaoutaja si ule wenyewe. Mwenye duka na mwalimu anayehusika wamesomewa maelezo haya na wameridhia yatumike kufundishia wengine wenye maduka kama hili.

Mazingira

Duka lina kompyuta tatu. Ya kwanza iko nyuma ya kaunta na huitumia mwenye duka, mama wa makamo ambaye wateja humwita Mama tu. Ya pili ni ya binti mpiga chapa. Ya tatu imewekwa ukutani karibu na mlango, kwa wateja wanaotaka kuandika wenyewe na kulipia kwa saa.

Kazi zinazoingia ni zile zile za steshenari yoyote iliyo jirani na ofisi za halmashauri. Barua za maombi, CV, mikataba ya kupangisha nyumba, hati za viapo, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa kwa wakala wa usajili, RITA, kwa wanaoomba mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, maombi ya kazi za serikali kwenye Ajira Portal, watumishi wa umma wanaoingia kwenye mfumo wao wa ESS, walimu wanaochapa mitihani ya muhula. Ukikaa pale tangu asubuhi hadi jioni utajua nani anaumwa, nani anadaiwa, nani anaachana na nani, na nani anatafuta kazi kimya kimya huku mwajiri wake hana habari. Watu huyaleta mambo hayo kwa sababu hawana printa nyumbani, na kwa sababu wanaamini kwamba mpiga chapa huchapa na kusahau. Binti kweli husahau. Kompyuta yake haisahau.

Mwaka mmoja kabla ya kisa, diski ya kompyuta ya kaunta ilikufa na kazi za miaka kadhaa zikapotea. Fundi wa wakati ule alifungua akaunti moja ya Microsoft, akaiingiza kwenye kompyuta zote tatu, na kuanzia hapo faili zote zikawa zinahifadhiwa OneDrive, ghala la mtandaoni la Microsoft. Simlaumu. Alikuwa anatibu ugonjwa uliokuwepo, yaani hofu ya kupoteza kazi, na aliutibu vizuri. Ila kompyuta ya ukutani, ambayo kila mpita njia anaikalia, nayo ikawa imo ndani ya akaunti ile ile anayotumia binti kuchapa barua za watu.

Kilichotokea

Jumatatu asubuhi alikuja mwalimu wa shule ya msingi kuchapiwa barua ya kuomba uhamisho. Figo zake zilikuwa zimeanza kushindwa, na alitakiwa awe karibu na hospitali ya mkoa mwingine ili asafishwe damu mara mbili kwa wiki. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote kazini. Mpango wake ulikuwa barua ifike kwanza kwa mwalimu mkuu, halafu aende mwenyewe akaeleze, ana kwa ana, kwa maneno yake.

Binti alichapa, akaprinti nakala mbili, akaskani moja kuwa PDF ili iambatishwe kwenye mfumo, kisha akahifadhi. Faili aliipa jina kwa mtindo wake wa siku zote, herufi kubwa tupu: BARUA UHAMISHO MWL, likafuata jina la mwalimu na la ukoo, na mwishoni FIGO. Neno hilo la mwisho aliliweka kwa sababu ya kikazi kabisa. Mwalimu alishawahi kuchapiwa barua nyingine mbili dukani hapo, na binti alitaka asije akazichanganya akiombwa nakala.

Jumatano jioni mwalimu mwingine wa shule hiyo hiyo alikaa kwenye kompyuta ya ukutani kuandika andalio la somo. Alifungua Word. Kabla ya ukurasa mweupe, Word hukuonyesha kwanza orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni, na matoleo ya sasa yanaweza kuorodhesha hadi 50. Ile ya barua ilikuwa ya tatu kutoka juu. Hakuifungua. Hakuhitaji kuifungua.

Alhamisi, mapumziko ya saa nne, ofisi ya walimu ilikuwa tayari inachangishana nauli. Nia yao ilikuwa njema, na mmoja alimwambia mgonjwa kwa upole kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Nimeifikiria sana methali hiyo tangu siku ile. Inamwonya mtu anayejificha hadi anazidiwa, na mwalimu huyu hakuwa hivyo. Alikuwa amepanga siku ya kusema na mtu wa kumwambia. Walichomchukulia ni ile siku.

Ijumaa alirudi dukani.

“Mama, shikamoo. Barua yangu ameisoma nani?”

Mama aliapa kwamba hakuna aliyeisoma, na kwa jinsi alivyojua alikuwa anasema kweli. Mwalimu hakubishana naye. Aliomba kompyuta ya ukutani iwashwe, akafungua Word, akaweka kidole kwenye kioo.

Ziara ya kwanza: dakika ishirini

Mama alinipigia jioni ile ile. Nilifika na kufanya kile ambacho mafundi wengi wangefanya. Nilibofya kulia juu ya orodha ya Word na kuchagua amri ya kufuta yote yasiyobanwa kwa pini, yaani yale ambayo mtu hakuyafunga yabaki juu ya orodha. Kisha nikaingia File, Options, Advanced, nikashuka hadi sehemu ya Display na kuishusha idadi ya faili za karibuni hadi 0. Nikafunga programu, nikaifungua tena, pakawa peupe. Mama alishukuru, akanilipa, nikaondoka.

Sababu ya kuishia hapo inafaa isemwe wazi. Malalamiko yalikuja kwangu kwa sura ya “orodha iliyo kwenye Word”, na mimi nikaitibu orodha iliyo kwenye Word. Sikujiuliza imetoka wapi, wala ni wapi kwingine ilikojinakili.

Siku nane baadaye kijana mmoja alikuja kuhakiki cheti chake cha kuzaliwa kwa ajili ya mkopo wa chuo. Akiwa kwenye kompyuta ya ukutani alibofya kulia alama ya Word kwenye upau wa chini wa skrini. Ikapanda orodha fupi ya faili, na mojawapo ilikuwa MTIHANI MUHULA HISABATI KIDATO CHA PILI. Mtihani huo ulikuwa ufanyike Jumatatu inayofuata. Kijana alimwita binti: “Dada, hii mitihani mmeiacha wazi.” Alikuwa mwaminifu, na ana mdogo wake anayesoma kidato hicho hicho.

Tulichokikuta usiku wa ziara ya pili

Mama alifunga duka saa moja jioni, tukakaa watatu. Safari hii niliamua nisifute chochote kabla ya kuandika kila mahali palipoweka kumbukumbu. Tulitumia karatasi moja ya A4, nayo ilijaa pande zote mbili.

Tulianza na ile sifuri yangu. Nilipoirudisha idadi ya Word kuwa 25, majina ya wiki nzima yalirudi mbele yetu, pamoja na mawili yaliyokuwa yamebanwa kwa pini ambayo amri ya kufuta haikuyagusa. Sifuri ilikuwa pazia tu. Orodha yenyewe hukaa ndani ya rejista ya Windows, daftari la ndani ambamo mipangilio huandikwa, chini ya Software, Microsoft, Office, halafu namba ya toleo, halafu jina la programu, kwenye ufunguo uitwao File MRU. Namba ni 14.0 kwa Office 2010, 15.0 kwa 2013, na 16.0 kwa matoleo yote kuanzia 2016. Kama mtu ameingia kwa akaunti ya Microsoft, orodha huhamia kwenye ufunguo mwingine uitwao User MRU, na faili zilizo OneDrive humfuata mwenye akaunti kwenye kila kompyuta aliyoingia. Ndiyo maana barua iliyochapwa kwenye meza ya binti ilionekana ukutani. Hakuna aliyeipeleka. Ilijipeleka na akaunti.

Excel ilikuwa na orodha yake, PowerPoint yake. Ya Excel ilikuwa na jina moja tu, na Mama aliposogea kulisoma alinyamaza. Lilikuwa daftari lake la madeni. Miezi yote hiyo kila aliyekaa pale angeweza kuona nani anadaiwa na duka.

Windows yenyewe nayo hutunza kumbukumbu yake, mbali na Office. Tangu Windows 7 kila programu iliyo kwenye upau wa chini ina orodha fupi inayopanda ukiibofya kulia, na hiyo ndiyo kijana aliyoikuta. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, ukaandika shell:recent, hufunguka folda iliyojaa njia za mkato za kila kilichofunguliwa. Tulikuta hadi za faili ambazo Mama alishazifuta zamani. Faili ilikuwa haipo, jina lake lilikuwepo. Na dirisha la kawaida la kutafutia faili nalo lilikuwa linaonyesha za karibuni kwenye ukurasa wake wa kwanza, bila mtu kubofya chochote.

Sehemu iliyonishangaza mimi mwenyewe ilikuwa kisanduku cha kuweka kiungo ndani ya Word, kile kinachofunguka kwa Ctrl na K. Pembeni yake kuna kitufe cha kurasa zilizotembelewa, na tulipokibofya ziliteremka anwani za tovuti za miaka ya nyuma. Orodha hiyo huchota kwenye historia ya Internet Explorer, kivinjari ambacho Microsoft ilikistaafisha Juni 15, 2022. Mtu anaweza kufuta historia ya Chrome kila siku na kisanduku hicho kisipungue hata mstari, kwa sababu husoma ghala jingine. Tulilifuta kupitia Internet Options ndani ya Control Panel.

Kisha Chrome. Binti alinihakikishia kwamba anafuta historia kila jioni, na nilimwamini. Nikamwomba anionyeshe. Alibonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja, dirisha likafunguka, akabofya kitufe cha kufuta bila kusita, kwa haraka ya mtu aliyezoea. Nilimwomba afungue tena na asibofye. Kwenye sehemu ya muda pameandikwa Last hour. Kila jioni alikuwa anafuta saa moja ya mwisho, ambayo mara nyingi ni saa ya kufagia na kuhesabu pesa. Siku nzima ilikuwa inabaki. Alisikitika hadi machozi yakamlengalenga, na hakustahili, maana alikuwa ndiye mtu pekee dukani aliyekuwa anajaribu.

Nywila za watu 11 zilikuwa zimehifadhiwa, zikiwemo za ESS na za Ajira Portal. Barua pepe ya mteja mmoja ilikuwa bado wazi. Na kwenye fomu yoyote, ukiandika herufi moja tu sehemu ya jina, yaliteremka majina na namba za simu za wateja waliotangulia. Hayo ya fomu hayafutiki pamoja na historia mpaka uweke alama kwenye kisanduku chake, na nywila nazo haziondoki zenyewe pamoja na historia. Folda ya Downloads ilikuwa na vitambulisho, vyeti na barua tangu kompyuta ilipoletwa.

Maamuzi na sababu zake

Kompyuta ya ukutani tuliitoa kwenye akaunti ya duka. Niliunda akaunti ya ndani ya Windows iitwayo Wateja, isiyo na mamlaka ya kusimika programu, isiyo na OneDrive, isiyo na akaunti ya Microsoft. Office yao ni ya kununua mara moja kwa kompyuta moja, kwa hiyo ikishaamilishwa haidai mtu abaki ameingia ili ifanye kazi. Huu ndio uamuzi uliobeba mzigo mkubwa kuliko mingine yote. Kabla ya kufikiria kufuta, unaondoa ulazima wa kufuta.

Chrome ya ukutani tuliifungulia kwenye hali ya mgeni. Dirisha la mgeni likifungwa, historia, kuki (alama ambazo tovuti huacha kwenye kompyuta) na fomu huondoka nalo. Vilivyopakuliwa hubaki kwenye diski, na hilo nililiandika kwa kalamu nene kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya meza. Kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya Personalization na kisha Start, tulizima uonyeshaji wa faili zilizofunguliwa karibuni.

Kwa kuwa Windows yao ni toleo la Home, ambalo halina zana ya sera za kompyuta, niliandika faili ndogo ya amri inayofuta kumbukumbu hizo. Kiini chake ni mistari hii:

del /q "%APPDATA%\Microsoft\Windows\Recent\*"
del /q "%APPDATA%\Microsoft\Windows\Recent\AutomaticDestinations\*"
reg delete "HKCU\Software\Microsoft\Office\16.0\Word\File MRU" /f

Mstari wa mwisho ulirudiwa kwa Excel na PowerPoint. Mstari wa pili una gharama yake: unafuta pia folda ulizozibana mwenyewe kwenye dirisha la faili, kwa hiyo usiutumie kwenye kompyuta yako ya kazi bila kujua hilo. Mingine ilisafisha Downloads, Documents, na zile nakala ambazo Word hujihifadhia yenyewe. Niliiweka ijiendeshe kila kompyuta inapowashwa. Hapo kwenye kuwashwa nilikosea, nitaeleza.

Programu za kurudisha kompyuta katika hali yake ya mwanzo kila inapowashwa, zile zilizotumika sana kwenye internet cafe, tulizijadili na kuziacha. Zinagharimu, na Mama alitaka kitu ambacho binti anaweza kukielewa na kukirekebisha nisipokuwepo.

Kuhusu faili za meza ya binti palikuwa na mvutano wa kweli. Rahisi ingekuwa kufuta kila kitu mteja akishalipa. Lakini wateja wa CV hurudi. Mtu hurudi baada ya miezi minne akasema naomba ile yangu, niongezee kazi mpya, na hayo ni mapato. Zaidi ya mapato, ni wema: mtu aliyepoteza flashi yake hukuta barua yake iko salama. Mama hakutaka kuupoteza wema huo, na nilimuunga mkono. Tukakubaliana kwamba mteja aulizwe anapolipa: tuhifadhi au tufute? Akisema hifadhi, faili huenda kwenye folda ya kompyuta ya kaunta, miezi sita. Akisema futa, hufutwa mbele yake, pamoja na pipa la taka.

Jina la faili likawa namba na aina ya kazi, kwa mfano 0147-barua. Jina la mteja linaandikwa kwenye daftari la karatasi linalofungiwa kwenye droo.

Niliwaeleza pia kuhusu sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Nilimwambia Mama kwamba udogo wa duka haupunguzi uzito wa kile kinachopita mezani pake, na kwamba suala la kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi aliulizie rasmi. Alisikiliza, kisha akasema yeye sheria haijui, ila mwalimu anamjua, na uso wa mwalimu aliuona.

Matokeo

Wiki ya tatu umeme ulikatika saa saba mchana. Kwenye kompyuta ya ukutani alikuwepo mwanachuo anayeandika ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, na hakuwa amehifadhi tangu asubuhi. Word hujihifadhia nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, kwa hiyo angeweza kupoteza dakika chache tu. Umeme uliporudi, kompyuta iliwaka, faili yangu ya amri ikajiendesha kama nilivyoiagiza, na ikafagia nakala ile ya dharura kabla hajaiona. Kurasa kumi na nne. Mama alimwandikishia upya bila malipo, binti akachapa huku kijana akimsomea hadi usiku.

Nilikuja kesho yake. Amri niliitoa kwenye kuwashwa nikaiweka kama kitufe kwenye kompyuta, kinachobofywa na binti mara moja jioni baada ya mteja wa mwisho. Mteja akiondoka katikati ya siku, faili yake hufutwa kwa mkono. Mama alinunua na UPS, betri inayoshikilia kompyuta umeme unapokatika.

Namba badala ya majina zilileta shida kwa majuma mawili. Wateja walisubiri huku binti akipekua daftari, na siku moja foleni ilifika nje. Yeye mwenyewe ndiye aliyepata njia: aliongeza herufi za kwanza za majina mawili baada ya namba, 0147-JM-barua, na daftari akalipanga kwa mwezi. Herufi mbili hazimtaji mtu, ila zinamtosha mpiga chapa. Wateja wengi wakiulizwa husema hifadhi, isipokuwa wa barua za mahakamani na za hospitali, ambao karibu wote husema futa.

Mama alikwenda nyumbani kwa mwalimu, yeye na binti, wakaomba radhi. Uhamisho wake ulifuata njia zake na hauhusiani na uchambuzi huu. Amerudi dukani mara mbili tangu hapo.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Ziara ya kwanza ilishindwa kwa sababu nilitibu kile kilichoonyeshwa kwa kidole. Ukiitwa kufuta historia kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, swali la kwanza kabla ya kugusa kipanya ni hili: jina hili limeandikwa wapi na wapi? Programu imeliandika, Windows imeliandika, akaunti imelibeba hadi kompyuta nyingine, kivinjari kina lake. Kila moja ina kitufe chake cha kufuta na hakuna kinachojua habari za mwenzake. Ile karatasi ya A4 ilitusaidia kuliko programu yoyote.

Kutenganisha akaunti kulifaa kuliko kufuta. Tangu siku ile, hata binti akisahau kubofya kitufe cha jioni, kinachobaki ukutani ni kazi za wateja wa siku hiyo hiyo, si kumbukumbu ya duka zima. Uharibifu una mpaka.

Kosa la faili ya amri lina mzizi mmoja na kosa la kwanza. Safari ya kwanza nilifuta kidogo mno, ya pili nikafuta kingi mno, na mara zote mbili sikuwa nimeuliza kumbukumbu ile inamfaa nani. Orodha ya karibuni humfaa mpiga chapa. Nakala ya dharura humfaa mteja umeme unapokatika, na kwetu umeme hukatika. Aliyeweka vitu hivyo hakuwa mjinga, ila alimfikiria mtu mmoja mwenye kompyuta yake peke yake.

Na jina la faili. Tungeweza kufuta kila ghala nililolitaja na bado siku moja binti angefungua folda mbele ya mteja, skrini ikasoma yale yale. Hili tuligundua kwa kuchelewa, na kama ningeulizwa leo nianzie wapi, ningeanzia hapo, kwa sababu halihitaji fundi wala fedha.

Miezi miwili baadaye lilijitokeza jambo ambalo halikuwepo kwenye karatasi yetu. Mteja alituma CV yake ya PDF kwa mwajiri, na mwajiri alipoifungua kwenye kivinjari, juu ya ukurasa pakasomeka jina la mtu mwingine. Binti alikuwa na mazoea ya kuchukua CV ya zamani iliyopangika vizuri, kufuta maandishi na kuandika ya mteja mpya. Maandishi yalibadilika, lakini sifa za faili, yaani kichwa na jina la mwandishi, zilibaki za mteja wa kwanza. Word ina mkaguzi wake kwenye File, Info, Check for Issues, naye huzisafisha. Tulimtengenezea binti pia kiolezo kitupu kisichowahi kuwa cha mtu.

Bado kuna simu ya duka, ile ambayo wateja huitumia picha za vyeti na vitambulisho kwa WhatsApp ili vichapwe. Kila picha hujihifadhi kwenye simu, na simu hiyo hiyo imeunganishwa na kompyuta ya binti. Mama sasa hufuta mazungumzo hayo kila Jumamosi jioni kabla ya kufunga, na tumezima uhifadhi wa picha wa moja kwa moja. Jumamosi iliyopita nilimkuta amevaa miwani, anayapitia moja baada ya jingine, akimuuliza binti kila namba kama kazi yake imekwisha.